Mfinyanzi na Muumba: Maonyesho ya Magdalene Odundo na Historia ya Maneno ya Udongo katika Kiswahili



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara wa mwaka huu. Ada ya mahali hapa ni kwamba aliyealikwa kusimama mbele yenu huzungumzia sintaksia, lahaja, ushairi au sera ya lugha. Mimi leo nimekuja na vyungu. Naomba mnivumilie, kwani natumaini kuonyesha kwamba safari ya kutoka kwenye chungu hadi kwenye isimu ni fupi kuliko tunavyodhani.

1. Swali la mwanafunzi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alinijia ofisini akiwa na katalogi ya maonyesho ya sanaa yaliyofanyika Uingereza mwaka 2019. Maonyesho hayo yaliitwa The Journey of Things, yaani Safari ya Vitu, na yalihusu kazi za Magdalene Odundo, msanii wa udongo aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwanafunzi huyo alikuwa amejaribu kutafsiri kurasa chache za katalogi, akakwama mahali ambapo yeye alipaona padogo. "Profesa," aliniuliza, "mama huyu tumwite nani kwa Kiswahili?" Alikuwa ameandika 'mchongaji', akalifuta. Akaandika 'mfinyanzi', akalifuta pia. Mwishowe aliacha 'msanii', neno lisilomvunjia mtu heshima wala kueleza anafanya kazi gani.

Nilimjibu upesi, kama tufanyavyo sisi wazee tunapoona foleni mlangoni: "Andika 'mchongaji wa sanamu za udongo'." Aliandika, akashukuru, akaondoka. Usiku ule jibu langu halikunipa usingizi. Kuchonga ni kupunguza. Mchongaji hulikabili gogo la mpingo, akaondoa yasiyotakiwa mpaka sura ikabaki. Odundo huanza na bonge la udongo, akaliinua na kuliongeza. Kwa hiyo neno nililompa kijana yule lilikuwa na kosa la kisemantiki. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la sababu: nililikwepa neno 'mfinyanzi' kwa kuwa niliona ni dogo mno kwa mtu ambaye kazi zake zimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Nani aliyenifundisha kwamba ni dogo? Lugha yenyewe haikunifundisha hivyo, na hilo ndilo ninalokusudia kulithibitisha leo.

2. Maonyesho na mwenye maonyesho

Maonyesho ya Safari ya Vitu yalifunguliwa mwezi Februari 2019 katika jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, yakaendelea hadi mwanzoni mwa Juni. Kuanzia Agosti hadi Desemba mwaka huohuo yalihamia Sainsbury Centre, mjini Norwich. Jumba la Wakefield lilifunguliwa mwaka 2011, nalo limepewa jina la Barbara Hepworth, mchongaji mashuhuri aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1903. Hivyo basi, kwa miezi kadhaa mfinyanzi alikuwa mgeni katika nyumba ya mchongaji.

Ndani ya maonyesho mlikuwa na kazi za Odundo zaidi ya 50, na kando yake vitu vingi alivyovichagua yeye mwenyewe kutoka pande mbalimbali za dunia, vilivyotengenezwa katika kipindi cha miaka ipatayo 3,000. Humo mlikuwa na vyombo vya Misri na Ugiriki ya kale, vyombo vya Afrika, Asia na Amerika ya Kati, mavazi ya Uingereza ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, pamoja na kazi za wachongaji wa Ulaya kama vile Rodin, Arp na Hepworth mwenyewe. Mpangilio huo ulibeba hoja. Chungu cha kuchotea maji na sanamu ya shaba viliwekwa katika chumba kimoja na kutazamwa kwa jicho moja.

Njia iliyomfikisha Odundo hapo ilikuwa ndefu. Alisoma India na Kenya, akajifunza sanaa ya matangazo ya biashara Nairobi, kisha akaenda Uingereza mwaka 1971. Akiwa masomoni Cambridge, na baadaye Farnham, aliuacha usanifu wa matangazo akaugeukia udongo. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, yaani mji wa zamani uliokuwa ukiitwa Abuja na ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwafundisha Wanigeria kutumia gurudumu la mfinyanzi na tanuri la joto kali. Lakini aliyekipa kituo sifa duniani alikuwa mwanamke wa Kigwari, Ladi Kwali, aliyejiunga nacho mwaka 1954. Bibi huyu alijifunza kazi kijijini, kwa jamaa zake wa kike, kabla mwalimu yeyote wa kigeni hajafika. Vyungu vyake vikubwa vya maji alivifinyanga kwa mkono, akikizunguka chungu huku chenyewe kimetulia. Aliaga dunia mwaka 1984, na tangu mwaka 2007 sura yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria.

Zingatieni mkondo wa elimu hapa. Kijana wa Kenya alikwenda Uingereza kusoma, Uingereza ikamfanya atamani kwenda Nigeria, na huko walimu wake wakawa wanawake wasio na shahada. Aliporejea aliendelea na masomo hadi kuhitimu Royal College of Art, London, mwaka 1982. Baadaye akawa profesa, na mwaka 2018 akawa mkuu wa University for the Creative Arts. Tangu maonyesho ya Wakefield, kazi zake zimeonyeshwa Venice mwaka 2022, Toronto kuanzia mwaka 2023, na Houghton Hall, Uingereza, mwaka 2024.

3. Kazi ya mikono

Kabla ya kuingia katika maneno, tueleze kwa ufupi kazi yenyewe, maana neno lisilo na kitu ni debe tupu.

Odundo hatumii gurudumu. Huanza na bonge la udongo, akalifungua kwa mkono na kuzivuta kuta zake kwenda juu. Kisha huongeza vipande virefu vya udongo vilivyoviringishwa kama kamba, akavishikamanisha kimoja juu ya kingine mpaka umbo litimie. Hukwangua kuta kwa kipande cha kibuyu ili ziwe nyembamba na sawasawa. Udongo ukianza kukauka, huupaka uji mwepesi wa udongo laini sana, halafu huusugua kwa jiwe laini, tena na tena, hadi ung'ae. Mng'ao tuuonao katika kazi zake umetokana na kusuguliwa, wala si rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu yake.

Baada ya hapo huja moto. Chombo kikichomwa mahali penye hewa ya kutosha, madini ya chuma yaliyomo katika udongo huungana na oksijeni, nacho hutoka na rangi nyekundu inayokaribia chungwa. Kikichomwa tena ndani ya kasha lililofunikwa, pamoja na maranda ya mbao, moshi hujaa na oksijeni hupungua, nacho hugeuka cheusi. Mara nyingine moto hufika upande mmoja na moshi upande mwingine, na chombo hubaki na wekundu na weusi unaoingiliana kama mawingu ya magharibi. Mfinyanzi huandaa, lakini neno la mwisho ni la moto.

Vyombo vinavyotoka humo vina matumbo ya duara, shingo ndefu zilizoinama na midomo mipana iliyofunguka. Vingine vina vinundu vidogo mgongoni vinavyofanana na pingili za uti wa mgongo. Vingi havina jina. Katika orodha huandikwa 'bila jina', pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Mwanaisimu akikutana na kitu kilichokataa jina hushikwa na hamu ya kukitafutia. Nami nilipojaribu kueleza kazi hizo, niligundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimekwisha kunitangulia: mdomo, shingo, bega, tumbo, kitako, sikio. Mdomo wa mtungi, shingo ya gudulia, kitako cha chungu. Wazungumzaji wetu hawakusubiri katalogi kuwaambia kwamba chombo ni mwili. Walikwisha kusema hivyo zamani sana, kiasi kwamba sisi hatusikii tena kuwa ni sitiari.

4. Historia ya vitenzi viwili

Sasa tuje kwenye kiini cha mhadhara. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyohusu jambo hili, 'kufinyanga' na 'kuumba', na historia zake zinastahili kusimuliwa pamoja.

Tuanze na kufinyanga. Ndani yake mna 'finya', yaani kubana kwa vidole. Sehemu iliyobaki, -ang-, huchanganuliwa kuwa ni mnyambuliko wa kale unaoonyesha tendo lirudiwalo, ambao katika Kiswahili cha leo umebaki kama kisukuku katika vitenzi vichache. Kufinyanga basi ni kufinya na kufinya tena. Ukimtazama mfinyanzi kwa dakika tano, utaona kwamba neno limemweleza kwa usahihi kuliko picha.

Nomino yake nayo ina ushahidi. Hatusemi 'mfinyangaji', twasema 'mfinyanzi', ambapo g imegeuka z mbele ya kiambishi tamati -i. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotupa 'mjenzi' kutokana na kujenga na 'mtunzi' kutokana na kutunga. Siku hizi tunapohitaji jina la mtenda kazi mpya, mara nyingi twatumia -aji: mchongaji, mchoraji, mchapishaji. Kwa hiyo mfinyanzi, mjenzi na mtunzi ni ndugu wa tabaka moja la kale katika mofolojia yetu. Mwenye nyumba, mwenye chungu na mwenye utenzi walipewa majina yao kwa kanuni moja, na hakuna dalili katika maumbo hayo kwamba mmoja wao alihesabiwa kuwa wa chini.

Kuhusu kuumba, historia yake ni ya ajabu zaidi. Katika Kiswahili cha leo kitenzi hiki tumekitenga kwa mambo makuu. Mwenyezi Mungu ndiye Muumba, sisi ni viumbe, ulimwengu una maumbile yake, na mtunzi wa riwaya huumba wahusika. Hakuna asemaye kwamba bibi fulani 'ameumba vyungu vitatu leo'. Lakini tukiweka Kiswahili sambamba na jamaa zake, picha hubadilika. Kiganda kina okubumba, Kinyarwanda kubumba, Kibemba ukubumba, Kizulu ukubumba. Katika lugha zote hizi kitenzi hicho hutumika kwa kufinyanga udongo. Wataalamu wa isimu linganishi wamerejesha mzizi wake katika Mame-Bantu kuwa *-bumb-, kwa maana hiyohiyo ya kufinyanga.

Je, Kiswahili kiliipeleka wapi b ya kwanza? Katika Kiswahili sauti hiyo ya Mame-Bantu ilidhoofika, na mbele ya irabu mara nyingi ilitoweka. Kinyarwanda husema kubona, sisi twasema kuona. Kizulu husema abantu, sisi twasema watu. Kwa kanuni hiyohiyo, kubumba ni kuumba. Kwa maneno mengine, kitenzi tunachokitumia kwa kazi ya Mungu ni kitenzi cha mfinyanzi, kilichovuliwa konsonanti moja na kupandishwa daraja.

Kupanda huko hakukutokea katika Kiswahili peke yake. Kibemba humwita Mungu Kabumba. Katika simulizi za asili za Wakikuyu mama wa kabila ni Mũmbi, na Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 alilieleza jina hilo kwa maana ya muumba au mfinyanzi. Ni dhahiri kwamba wazungumzaji wa lugha hizi, walipohitaji neno la tendo lililo kuu kuliko yote, walitazama waliko mafundi wao. Wangeweza kumchagua mhunzi, ambaye aliogopwa na kuheshimiwa. Katika lugha hizi walimchagua mfinyanzi. Aidha, tukikumbuka kwamba katika jamii nyingi za Kibantu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, japokuwa zipo jamii kama Baganda ambako wanaume pia walifinyanga, yatubidi kukiri kwamba sitiari hii ilizaliwa kwenye viganja ambavyo kumbukumbu zetu za maandishi hazikuviandika.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa. Mna 'umbo', ambalo sisi wanaisimu twalitumia kila siku tunapozungumzia maumbo ya maneno. Mna pia 'kuumbua' na 'kuumbuka'. Kama vile kufungua ni kutengua kufunga, na kufumbua ni kutengua kufumba, kuumbua ni kutengua umbo. Tunaposema kwamba mtu ameumbuka hadharani, twamfananisha, pasipo kujua, na chungu kilichobonyea kabla ya kufika motoni.

5. Chungu cha jikoni na sahani ya ukutani

Ikiwa lugha ilimtukuza mfinyanzi kiasi hicho, ilikuwaje hata mimi nikaona jina lake ni dogo? Sehemu ya jibu imo katika historia ya pwani yetu na jinsi ilivyoandikwa.

Neno 'chungu' ni la kale. Mzizi wake ni -ungu, na ndugu zake ni 'jungu', chungu kikubwa, na 'nyungu', ambalo watu wa Tanzania walilisikia sana mwaka 2020 walipohimizwa kujifukiza. Jina tumelirithi, na kitu chenyewe kimezikwa ardhini kila mahali walipopita wazungumzaji wa lugha za Kibantu. Vyombo viitwavyo vya Urewe vimepata jina lao kutoka mahali palipo Siaya, magharibi mwa Kenya, navyo vilielezwa katika chapisho la mwaka 1948. Vile vya Kwale vilielezwa na Robert Soper mwaka 1967. Kwa karne za 7 hadi 10, mwambao mzima ulitumia vyombo vya udongo vinavyofanana, vyenye michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa shingoni, na leo hutambuliwa kama alama ya chimbuko la miji ya Waswahili.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wanahistoria waliitazama pwani kupitia sahani za kigeni. Huko Gedi, Kilwa na Manda, vigae vya China na vya Ghuba ya Uajemi ndivyo vilivyotumika kukadiria tarehe za majengo, na ndivyo vilivyotajwa kwanza kila ilipoulizwa Waswahili walikuwa nani. Vipo pia vilivyopachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate vyombo vya kauri vilipangwa katika vidaka vya ukutani ili mgeni avione. Chungu kilibaki jikoni. Ni katika miaka ya 1980 na 1990, kwa uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga na utafiti wa Felix Chami katika pwani ya Tanzania, ambapo vigae vya wenyeji vilipewa uzito unaostahili. Vilipohesabiwa ilionekana kwamba vilikuwa vingi kupita kiasi, na kwamba vile vya kigeni vilikuwa sehemu ndogo tu. Mji ulipikiwa na kuteka maji kwa kazi ya wafinyanzi wake. Sahani za ukutani zilikuwa za kutazamwa.

Msamiati ulifuata mkondo huohuo. Sahani ni neno lililotoka katika Kiarabu, na birika vilevile. Sufuria, ambayo hatimaye ilikiondoa chungu katika majiko mengi, ina asili ya neno la Kiarabu la shaba. Sina ugomvi na maneno ya mkopo, kwani bila hayo Kiswahili kingekuwa lugha nyingine. Ninachosema ni kwamba kila chombo kipya kilipoingia na jina lake, cha zamani kilisogezwa hatua moja kutoka sebuleni, na mwenye kukitengeneza akasogea pamoja nacho. Methali yetu imekwisha kuyasema hayo kwa maneno matatu: mfinyanzi hulia gaeni.

6. Sanaa, fani na sanamu

Sehemu ya pili ya jibu imo katika neno 'sanaa'. Tumelichukua kutoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ni ufundi, kazi ya mikono, na ambamo leo neno la mzizi huo hutumika kwa viwanda. Kwa sanaa kama tuielewavyo sisi, Kiarabu cha leo hutumia fann, neno ambalo nasi tunalo, yaani 'fani', ila tumeliingiza katika uhakiki wa fasihi likimaanisha upande wa umbo: fani na maudhui. Kwa hiyo Kiswahili kililichukua neno la ufundi kikalifanya la sanaa, na neno la sanaa kikalifanya la umbo. Mpaka kati ya fundi na msanii haukuwa na ukuta.

Ukuta tuliuletewa na shule. Katika mitaala ya kikoloni, na katika mingi iliyofuata, uchoraji na uchongaji viliwekwa chini ya sanaa, ilhali ufinyanzi, ukili na ususi viliwekwa chini ya kazi za mikono. Soko la watalii likakaza mgawanyo huo: mwanamume mwenye kinyago cha mpingo akawa msanii, mwanamke mwenye chungu akawa muuza vyungu. Na Ulaya yenyewe ilikuwa na ukuta huohuo. Ndiyo maana kuweka vyombo vya udongo pamoja na sanamu za Rodin mwaka 2019 kulionekana kuwa jambo la kutetewa.

Mtu anaweza kupinga kwamba sanamu za udongo ni wazo geni kwetu, na kwamba Odundo ni msanii wa Ulaya mwenye jina la Kiafrika. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli, kwa kuwa yeye amefanya kazi zake nyingi Uingereza, na vyombo vyake havitiwi maji wala dengu. Lakini nusu ya pili haisimami. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha utafiti wake kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago miongoni mwa baadhi ya jamii za Tanganyika. Kila sanamu iliambatana na wimbo na fundisho lake. Walioziunda walikuwa wakifundisha kwa umbo na kwa neno kwa pamoja. Kama hiyo si sanaa, basi nasi walimu wa fasihi hatujui tunafundisha nini.

Hali kadhalika, hoja ya matumizi haina nguvu katika Kiswahili, maana neno letu la jumla ni 'chombo'. Sufuria ni chombo, jahazi ni chombo, redio ni chombo cha habari. Chombo ni chochote kibebacho kitu kutoka hapa hadi pale, kiwe maji, watu au maana. Chombo cha Odundo kilichoketi juu ya jukwaa, kimejaa hewa na kivuli, hakijatoka nje ya maana hiyo.

7. "Kipi?"

Nimesema habari za shule na za soko. Haki yadai niseme na habari zangu.

Nilipokuwa mtafiti kijana nilifika katika kijiji kimoja cha wafinyanzi kandokando ya Ziwa Nyasa, eneo ambalo wanawake wa Kikisi wamesifika kwa vyungu vinavyosafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Matema. Mkononi nilikuwa na orodha ya maneno ya kukusanya, ile inayotumika katika uchunguzi wa lugha nyingi. Mzee wangu wa kike aliyenisaidia alikuwa ameketi, na nyuma yake vimepangwa vyombo vya ukubwa na maumbo mbalimbali. Nilipofika kwenye neno 'chungu' nilimuuliza, "Mama, hiki mwakiitaje?" Aligeuka, akavitazama, akanitazama mimi. "Kipi, mwanangu?"

Orodha yangu ilikuwa na nafasi moja. Nilionyesha kilichokuwa karibu, nikaandika neno moja, nikaenda kwenye neno lililofuata, ambalo nadhani lilikuwa 'damu' au 'mfupa'. Sikumuuliza majina ya vile vingine. Sikuuliza udongo mwekundu na ule mweusi huitwaje, wala jiwe la kusugulia, wala hatua ile udongo unapokuwa si mbichi wala haujakauka, ambayo kila mfinyanzi huijua kwa kugusa. Niliporudi nilichanganua viambishi vya ngeli nilivyovikusanya na nikasifiwa kwa kazi hiyo. Mama yule sasa ni marehemu.

Miaka mingi baadaye nilishiriki katika jopo moja la istilahi. Tulipofika kwenye sanaa za maonyesho na za ufundi, nilikuwa miongoni mwa waliokubali mfinyanzi aelezwe kwa sentensi moja ya mtu atengenezaye vyungu, na tukapita. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliandika kidogo kwa sababu tulikuwa tumeuliza kidogo.

Maneno haya yanapotea kwa kasi ya plastiki. Mtungi unapoondoka nyumbani, shingo yake na mdomo wake huondoka nao, na kinachobaki ni 'ndoo', ambayo haina shingo. Bila maneno hayo hatuwezi kumtafsiri Odundo, naam, lakini hilo ni dogo. Bila hayo hatutaweza kueleza vigae vyetu wenyewe vilivyomo katika makumbusho yetu, na tutaendelea kuazima istilahi za kigeni ili kuelezea kitu ambacho bibi zetu walikuwa na majina yake kumi.

8. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Kiswahili kimemweka mfinyanzi katika tabaka moja na mjenzi na mtunzi, na kwamba kitenzi chetu cha uumbaji kilitoka mikononi mwake. Pili, kwamba udogo tunaouona katika jina lake una historia, nayo ni ya biashara, ya shule na ya uandishi wa historia, wala haumo ndani ya lugha. Tatu, kwamba sisi wanaisimu tumeshiriki katika udogo huo kwa kutouliza.

Kwa wanafunzi nina ombi. Wafinyanzi bado wapo, Matema na Upare, Unguja na Pemba, magharibi mwa Kenya na kwingineko. Nendeni kwao mkiwa na daftari lisilo na nafasi moja moja. Kaeni mpaka tanuri lizimwe. Mkiulizwa "kipi?", jibuni "vyote, mama", na muanze kuandika.

Na yule mwanafunzi wa katalogi, ambaye sasa naye anafundisha, nilimwandikia hivi majuzi kumwomba radhi kwa jibu la haraka. Nilimwambia kwamba kama tafsiri yake bado haijachapwa, alirudishe neno alilolifuta la pili. Magdalene Odundo ni mfinyanzi. Kwa Kiswahili, hiyo ni sifa kubwa ya kutosha.